Nyumba ya Shamba ya Marafiki wa Kwanza Pennsylvania: Thamani Yake Hupimwa kwa Lipi?

Swali: Mimi ni Mkenya kutoka Vihiga. Ninaishi Kaunti ya Chester, Pennsylvania, na ninaabudu pamoja na Marafiki wa huku, yaani Waquaker. Karibu nasi kuna nyumba ya shamba ya mawe ambayo majirani husema ilijengwa na walowezi wa Kiquaker mwanzoni mwa karne ya 18. Mmiliki anataka kuibomoa, na halmashauri ya hapa imetuomba maoni. Sisi wenyewe tumegawanyika. Wengine wanasema ni urithi kwa sababu ni kongwe. Wengine wanasema imeongezwa na kubadilishwa mno, tena hakuna mtu mashuhuri aliyewahi kukaa humo. Thamani ya urithi ya nyumba kama hii hupimwaje?

Jibu: Dada, pande zote mbili zina hoja, lakini zote zimeanzia mahali pasipofaa. Ukongwe peke yake haulifanyi jengo kuwa urithi, wala kuongezwa na kubadilishwa hakuliondolei sifa hiyo. Jambo la kuuliza kwanza ni kama kuta, mbao, misumari na mpangilio wa vyumba vya nyumba hiyo bado vinaweza kutueleza, kuhusu watu waliokaa humo, jambo ambalo hakuna karatasi wala nyumba nyingine ya jirani inayoweza kulieleza. Nyumba yenye mengi ya kueleza ina thamani kubwa hata kama wakazi wake walikuwa wakulima ambao jina lao halikuvuka kijito cha pili, na nyumba iliyopakwa, kupigwa lipu na kung'olewa kila kitu cha zamani inaweza kuwa na thamani ndogo hata kama gavana alilala humo.

Ili mweze kulijibu swali hilo, ni lazima mjue kwanza ni nyumba zipi zilizobaki na ni zipi zilizotoweka. Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimpa William Penn, Mquaker wa huko, hati ya kumiliki Pennsylvania mwezi Machi 1681, na Penn mwenyewe akafika mwaka uliofuata. Marafiki waliokuja kutoka Uingereza, Wales na Ireland hawakuanza kwa nyumba za mawe. Wako waliojihifadhi kwanza katika mapango yaliyochimbwa kwenye kingo za mto Delaware, na maelekezo yaliyoandikwa katika miaka ya 1680 kwa ajili ya waliotaka kuhamia huko, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya Penn, yaliwashauri wajenge nyumba ya mbao ya futi 30 kwa 18, yenye kiambaza karibu na katikati na kingine cha kuugawa upande mmoja kuwa vyumba viwili vidogo. Nyumba hizo za mbao zimekwisha karibu zote. Zinazosimama leo ni za mawe na matofali, na zilijengwa na familia ambazo tayari zilikuwa zimestawi, au na watoto wao. Mfano ulio karibu nanyi ni nyumba ya William Brinton karibu na Dilworthtown: baba yake alifika kutoka Uingereza mwaka 1684, lakini nyumba ya mawe, yenye kuta za unene wa inchi 22, ilijengwa na mwana mwaka 1704, yaani miaka 20 baadaye.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu linabadilisha maana ya nyumba yenu. Ikiwa kweli ni ya mwanzo wa karne ya 18, haituonyeshi jinsi mlowezi wa kawaida alivyoishi, bali jinsi mlowezi aliyefanikiwa alivyotaka kuishi na kuonekana. Hilo si kasoro, ila lazima liandikwe hivyo. Msiandike katika maoni yenu kwamba nyumba hiyo inawakilisha unyenyekevu wa Marafiki wa kwanza, kwa kuwa majirani wao wengi wa wakati huo wangeiona kuwa nyumba ya tajiri.

Tukija kwenye Uquaker wenyewe, mtakutana na watu watakaowaambia kwamba nyumba hiyo ina ramani ya Kiquaker: chumba kimoja kikubwa chenye meko, na pembeni vyumba viwili vidogo ambavyo meko yake yamekaa kwenye kona na kuungana katika dohani moja. Jina hilo limezoeleka, na yale maelekezo ya futi 30 kwa 18 ndiyo yaliyolipa nguvu, lakini wanahistoria wa majengo wamekwisha kulitilia shaka, kwa kuwa mpangilio wa vyumba vitatu ulijulikana Uingereza kabla ya Penn na ulitumiwa pia na watu wasio Marafiki. Ukiukuta ndani ya nyumba yenu, una thamani kwa sababu ni nadra kubaki bila kuvunjwa viambaza vyake, si kwa sababu unathibitisha dini ya mwenye nyumba. Dini ya mwenye nyumba huthibitishwa kwa kumbukumbu za Mkutano wa Mwezi, yaani ushirika wa Marafiki wa mahali pake, aliokuwa mwanachama wake, na Marafiki walikuwa waandishi wazuri wa kumbukumbu: ndoa, vizazi, vifo, barua za kuhama, hata makaripio. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imehifadhiwa katika vyuo vya Swarthmore na Haverford, ambavyo haviko mbali nanyi.

Mkizisoma, mwe waangalifu na tarehe. Marafiki hawakutumia majina ya miezi waliyoyaona kuwa ya kipagani. Walihesabu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Lakini kabla ya mageuzi ya kalenda ya mwaka 1752, mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi. Hati iliyoandikwa siku ya 10 ya mwezi wa 11 mwaka 1714 ni ya Januari, na kwa hesabu yetu ya leo ni Januari 1715. Nimeona maelezo ya nyumba za kale yaliyokosea mwaka mzima kwa sababu hii tu, na mmiliki mwenye wakili hodari hatashindwa kulitumia kosa kama hilo kuutilia shaka utafiti wenu wote.

Kuhusu nyumba kuongezwa na kubadilishwa, mfano ninaoupenda uko ng'ambo ya mto Delaware, katika Kaunti ya Salem, New Jersey, ambako Marafiki walifika hata kabla ya Penn kuipata Pennsylvania. Nyumba ya Abel na Mary Nicholson ilijengwa kwa matofali mwaka 1722. Mwaka 1859 iliongezwa sehemu mpya, maisha ya kila siku yakahamia huko, na ile ya zamani ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Leo wataalamu huihesabu miongoni mwa nyumba za aina yake zilizosalia katika hali ya asili kuliko nyingine, na mwaka 2000 ilitangazwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, ambayo ndiyo daraja la juu kabisa Marekani. Hapa nyongeza ndiyo iliyoiokoa nyumba ya kwanza, na bila hiyo kila kizazi kingebomoa kiambaza fulani na kupanua dirisha fulani. Kwa hiyo mkisikia kwamba nusu ya nyumba yenu ni ya karne ya 19, msikate tamaa; ulizeni ile nusu nyingine ilifanyiwa nini baada ya hapo.

Nyumba hizo za Salem zina jambo jingine linalostahili kutajwa. Katika kuta zake za pembeni waashi walipanga matofali yaliyoungua hadi kung'aa rangi ya kijivu na buluu katikati ya mekundu, wakachora maumbo, mwaka wa ujenzi na herufi za majina. Nyumba ya William na Sarah Hancock, katika kaunti hiyohiyo, ina mistari ya zigizaga ukutani pamoja na herufi za mume na mke na mwaka 1734, vikisomeka kutoka mbali. Watu waliohimizana kuishi bila mapambo, hata wakakaripiana kwa sababu ya vifungo na utepe wa nguo, waliandika majina yao kwa matofali kwenye ukuta mzima! Mimi naona hapa ndipo penye utajiri wa nyumba za Marafiki wa kwanza: maandishi yao yanatuambia walichopaswa kuwa, na nyumba zao zinatuambia walichokuwa. Mkipata jiwe lenye herufi na mwaka juu ya mlango au karibu na paa, lipigeni picha wakati jua liko upande, na msilisugue.

Kosa la upande wa pili ni kurejesha nyumba kwa nguvu katika hali yake ya kwanza. Nyumba ya Brinton niliyoitaja ilirejeshwa katika miaka ya 1950 chini ya msanifu G. Edwin Brumbaugh ili ionekane kama mwaka 1704, pamoja na madirisha yake ya vioo vidogo vilivyoshikwa kwa vipande vya madini ya risasi. Kazi ilifanywa kwa ustadi na kwa uchunguzi, na nyumba ni ya kupendeza, lakini mgeni anayeiangalia leo anaona kwa sehemu mwaka 1704 na kwa sehemu fikra za miaka ya 1950 kuhusu mwaka 1704. Pennsbury Manor, shamba la Penn mwenyewe, ni mfano mkali zaidi: nyumba yake ilikuwa imekwisha kuporomoka zamani, na inayoonekana sasa ilijengwa upya katika miaka ya 1930 kwa usanifu wa R. Brognard Okie, juu ya mahali pa ile ya awali. Ni makumbusho yenye manufaa, ila kama ushahidi wa mbao na chokaa ya karne ya 17 ina uzito mdogo kuliko nyumba yenu yenye vyoo vya juzi na jiko la umeme. Mtu akijitolea kuinunua nyumba kwa sharti kwamba sehemu zote za baadaye zibomolewe ili irudi kuwa safi, mpingeni kwa adabu ileile mnayompinga mwenye kutaka kuibomoa yote.

Sasa niseme juu ya watu, kwa kuwa hoja ya kwamba hakuna mashuhuri aliyekaa humo ndiyo dhaifu kuliko zote. Katika kaunti yenu, uchumi wa mashamba haya ulitegemea kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake: maziwa yalipozwa katika kijumba kilichojengwa juu ya chemchemi, siagi ikatengenezwa na kupelekwa sokoni Philadelphia. Kwa hiyo kijumba cha chemchemi, ghala, tanuri ya chokaa na hata ukingo wa mawe wa shamba vinahesabiwa pamoja na nyumba. Nyumba iliyobaki peke yake katikati ya maegesho ya magari imepoteza nusu ya maelezo yake.

Kisha kuna wale ambao majina yao hayakuchongwa popote. Ardhi ilikuwa ya Walenape, wenyeji wa asili wa eneo hili, na wako waliobaki baada ya jamii zao kusukumwa magharibi. Mmoja wao, Hannah Freeman, aliyefariki mwaka 1802 katika nyumba ya maskini ya Kaunti ya Chester, alifanya kazi kwa muda mrefu wa maisha yake katika nyumba za wakulima wa Kiquaker, akisokota nyuzi na kusuka vikapu. Mwaka 1797 alihojiwa, na maelezo yake yakaandikwa kwa sababu viongozi wa eneo walitaka kujua nani atabeba gharama za kumtunza uzeeni. Andiko lile fupi la kiofisi linataja nyumba alizokaa na ujira aliolipwa, na kwa njia hiyo linaziunganisha nyumba za walowezi na mwenyeji wa ardhi yenyewe.

Watumwa pia walikuwamo. Penn mwenyewe alikuwa na watumwa Pennsbury. Marafiki wa Germantown waliandika pingamizi dhidi ya utumwa mwaka 1688, lakini Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia, chombo kikuu cha Marafiki wa eneo hili, haukuwakataza kabisa wanachama wake kumiliki watu hadi mwaka 1776, yaani karibu miaka 90 baadaye. Nyumba iliyojengwa mwaka 1715 au 1720 ilisimama katika sehemu kubwa ya kipindi hicho. Someni orodha za mali za marehemu katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti, West Chester. Mle ndani, kati ya ng'ombe na vitanda, ndimo mtakamoona kama mtu alihesabiwa kuwa mali. Baada ya sheria ya mwaka 1780 ya kukomesha utumwa hatua kwa hatua, wamiliki walitakiwa kuwaandikisha watumwa wao, na orodha ya kaunti yenu ipo.

Mtasikia pia kwamba nyumba ilikuwa kituo cha kuwaficha watumwa waliotoroka, na kwamba kuna chumba cha siri chini. Eneo la Kennett Square, katika kaunti yenu, lilikuwa kweli na Marafiki wengi waliofanya kazi hiyo, lakini kila nyumba ya mawe kusini-mashariki mwa Pennsylvania sasa ina hadithi hii, na vingi vya vyumba hivyo vya siri ni pishi la viazi au tangi la maji. Wakimbizi wengi walisaidiwa kwanza na Waafrika-Wamarekani wenyewe: William Still wa Philadelphia, ambaye kumbukumbu zake za wakimbizi zilichapishwa mwaka 1872, na William Parker, aliyeongoza upinzani dhidi ya wawindaji wa watumwa huko Christiana mwezi Septemba 1851. Kama hamna barua, shajara au ushuhuda wa wakati ule, iacheni hadithi hiyo nje ya maoni yenu. Ikiandikwa bila ushahidi, itayavuta yote mengine chini.

Uhusiano na kwetu nao utumieni kwa kipimo. Misheni ya Marafiki ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ilianzishwa mwaka 1902 na Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Ni jambo zuri kwamba waumini kutoka Vihiga wanaulizwa juu ya nyumba hii. Lakini wamisionari wale walitumwa na tawi la Marafiki wa magharibi ya kati ya Marekani, lenye wachungaji na nyimbo, si na Marafiki wa ibada ya kimya wa bonde la Delaware. Ninyi ni ndugu wa imani na waliojenga nyumba hiyo. Msiseme kwamba ndiyo chimbuko la Kaimosi.

Uchunguzi wa jengo lenyewe hauhitaji fedha nyingi mwanzoni. Pandeni darini na kushuka pishini, mahali ambapo mafundi wa baadaye hawakusumbuka kuficha kitu. Misumari iliyofuliwa na mhunzi mmoja mmoja ni dalili ya kabla ya miaka ya 1790 au karibu na hapo. Iliyokatwa kwa mashine ilifuata, na ya waya mviringo ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Mbao zenye mikwaruzo ya duara zilipasuliwa kwa msumeno wa mviringo, ambao haukuwa wa kawaida kabla ya miaka ya 1830. Dalili hizi hazitoshi zikiwa peke yake, kwa sababu mbao na misumari hutumiwa tena. Jibu la uhakika zaidi hutoka kwenye pete za miti: mtaalamu huchukua sampuli nyembamba ya boriti na kuilinganisha na mpangilio unaojulikana wa miaka ya ukame na mvua, na kama ganda la mti bado lipo anaweza kutaja mwaka uliokatwa. Mara nyingi mwaka huo ni mchanga kuliko ule wa hadithi za familia, na ni vyema mjiandae kwa hilo. Kwa ukubwa na hali ya nyumba mwishoni mwa karne ya 18, tafuteni orodha za kodi ya shirikisho ya mwaka 1798, ambazo kwa Pennsylvania zimesalia na hutaja vipimo, aina ya ukuta na hata idadi ya madirisha na vioo vyake.

Na waombeni wahusika wasizibe nyufa kwa saruji wakati mnasubiri. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu utoke; saruji huufungia ndani, jiwe laini likamomonyoka. Ni ugonjwa uleule unaoziua nyumba za mawe ya matumbawe Lamu na Mji Mkongwe.

Kwa upande wa sheria, msitarajie zaidi ya inachotoa. Rejista ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria, iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1966, ina njia nne za kukubali jengo: kuhusika na matukio au mwenendo mpana wa historia, kuhusika na mtu muhimu, ubora wa usanifu na ufundi, au uwezo wa kutoa maarifa. Wenzenu wanaotafuta mtu mashuhuri wanaangalia moja tu kati ya nne. Nyumba yenu, kama maelezo yenu ni sahihi, ingetetewa kwa ufundi na kwa historia ya makazi na kilimo cha kaunti, na huenda kwa maarifa yaliyo ardhini kuizunguka. Hata hivyo jengo la mtu binafsi haliandikishwi akipinga, na likiandikishwa bado anaweza kulibomoa kwa fedha zake. Punguzo la kodi la shirikisho la asilimia 20 ni kwa majengo yanayoingiza kipato, si nyumba anayokaa mwenyewe. Kinga ya kweli hutoka katika kanuni za taunishipu (serikali ndogo za mitaa ndani ya kaunti), ambazo mahali pengine huchelewesha au kuwekea masharti ubomoaji, au katika hati ya masharti ya uhifadhi ambayo mmiliki huitia sahihi kwa hiari na ambayo hubaki na ardhi hata ikiuzwa.

Kwa hiyo barua yenu kwa halmashauri iwe fupi na iombe mambo yanayowezekana. Ombeni ubomoaji usimame hadi nyumba ichunguzwe na mtaalamu wa majengo. Ombeni mmiliki aonyeshwe kwa michoro jinsi nyumba mpya inavyoweza kuunganishwa na sehemu ya zamani, kwa kuwa wamiliki wengi huchagua kubomoa kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa njia nyingine. Na kama atashikilia uamuzi wake, ombeni ruhusa ya kuipima na kuipiga picha nyumba yote, kuchukua sampuli za boriti na kuchimba kitaalamu pishini na nyuma ya jiko kabla ya mashine kuingia. Vipimo na picha hizo vipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Hilo la mwisho liandikeni tangu barua ya kwanza, kwa sababu kibali cha kubomoa kikishatoka, hakuna mtu atakayewajibika tena kuwafungulia mlango.